Albamu bora za roki huru (indie) za mwaka 2007: orodha yangu, na swali kuhusu In Rainbows ya Radiohead

MpendaGitaa (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Kwa muda sasa nimekuwa nikizisikiliza upya albamu za roki huru zilizotoka mwaka 2007, na kila ninapojaribu kuzipanga kwa ubora nakwama mahali palepale. Naiweka hapa orodha yangu pamoja na sababu zake, kisha nitauliza linalonitatiza, nikimwomba kila atakayejibu aeleze kwa nini, badala ya kutaja jina la albamu na kupita.

Nimeuchagua mwaka huo kwa sababu ndio ambao lebo ndogo (kampuni za kutoa rekodi) za Marekani zilipiga hodi kwenye chati kubwa na kufunguliwa mlango, tena kwa albamu ambazo hazikupunguzwa makali ili ziuzike. Mwezi Januari The Shins waliingia moja kwa moja nafasi ya 2 ya Billboard 200, chati kuu ya albamu Marekani, na Wincing the Night Away, nafasi ambayo Sub Pop, lebo ya Seattle iliyowatoa Nirvana, haikuwahi kuifikia kabla ya hapo. Mwezi Machi Arcade Fire wakaingia nafasi hiyohiyo na Neon Bible chini ya Merge, lebo ya North Carolina iliyoanzishwa mwaka 1989 na wanamuziki wawili wa bendi ya Superchunk, na mwezi Julai Merge haohao wakaiingiza Ga Ga Ga Ga Ga ya Spoon katika nafasi ya 10. Hata tangazo la televisheni la iPod lilibebwa na wimbo wa Feist.

Nafasi ya kwanza naipa Boxer ya The National. Hawa ni watu wa Cincinnati, Ohio, waliohamia Brooklyn: mapacha Aaron na Bryce Dessner kwenye magitaa na piano, ndugu wengine wawili, Scott na Bryan Devendorf, kwenye besi na dramu, na Matt Berninger mwenye sauti nzito ya chini ambaye mara nyingi huimba kama anayezungumza na mtu aliyeketi karibu naye. Wengi husifu sauti hiyo na maneno ya nyimbo, nami sibishi, lakini kinachoibeba albamu hii ni dramu. Sikilizeni “Fake Empire” inavyoanza na piano peke yake, hesabu ya nne ikipita juu ya hesabu ya tatu, hivi kwamba mguu wako unatafuta mahali pa kukanyaga na haupati; kisha Bryan anaingia wakati umekwisha kukata tamaa, kila kitu kinakaa mahali pake, na mwishoni matarumbeta yanaufungua wimbo ambao ulikuwa umejifungia chumbani. Kwenye “Squalor Victoria” dramu ndizo zinazoongoza, na mwimbaji anafuata nyuma yake mpaka anaposhindwa kujizuia na kupaza sauti. Kuna pia “Slow Show”, inayomalizia kwa mistari waliyoiazima kutoka wimbo wa albamu yao wenyewe ya kwanza, ya mwaka 2001. Asiyejua jambo hilo hapotezi chochote. Anayelijua hupata hisia kwamba wimbo ule wa zamani ulikuwa ukisubiri miaka yote hiyo upate mwanzo wake.

Ya pili ni Neon Bible, ya tatu ni Ga Ga Ga Ga Ga. Ya nne ni Hissing Fauna, Are You the Destroyer? ya Of Montreal, ambayo Kevin Barnes aliiandika kwa sehemu kubwa alipokuwa akiishi Norway na akili yake ikiwa imemwelemea; katikati yake kuna wimbo wa karibu dakika 12, “The Past Is a Grotesque Animal”, ambao hauna kiitikio cha kawaida na bado haumruhusu msikilizaji kuondoka. Ya tano ni The Stage Names ya Okkervil River wa Austin, inayofungwa kwa wimbo kuhusu mshairi John Berryman unaogeuka polepole kuwa wimbo wa asili wa mabaharia, “Sloop John B”. Ya sita ni hiyo ya The Shins. Cease to Begin ya Band of Horses na The Flying Club Cup ya Beirut nazipenda, ila sioni nitakayemwondoa ili zipate nafasi.

Sasa swali. In Rainbows ya Radiohead nimeiacha nje kwa hoja kwamba bendi iliyokwisha kuuza mamilioni ya nakala kupitia kampuni kubwa ya muziki, EMI, haiwezi kupimwa kwa mizani moja na Okkervil River. Je, hoja hiyo inasimama? Na For Emma, Forever Ago ya Bon Iver tuihesabu ya mwaka 2007 au ya 2008? Ikiwa kuna albamu ya mwaka huo niliyoiacha ambayo bila hiyo orodha hii ni pungufu, nitashukuru kuelezwa.

---

Santuri_Kuukuu

Mleta mada, nakushukuru kwa uzi uliotulia. Nitajibu maswali mawili ya kwanza tu, kwa sababu ninaona yanatokana na jambo moja: hujaamua uhuru wa bendi unapimwa kwa nini.

Kama kipimo ni ukubwa wa jina, basi Neon Bible nayo ina mashaka, kwa maana mwaka 2007 Arcade Fire hawakuwa tena watu wa kupiga katika kumbi ndogo. Kama kipimo ni mlio, utalazimika kuwaingiza Modest Mouse, ambao albamu yao ya Machi 2007, ile waliyoirekodi na Johnny Marr aliyekuwa mpiga gitaa wa The Smiths, ilianza nafasi ya 1 Marekani. Lakini hao walikuwa chini ya Epic, kampuni iliyo ndani ya Sony. Mimi kipimo changu ni kile cha zamani na kikavu: nani anaimiliki rekodi, na nani ana uwezo wa kuizuia isitoke. Kwa kipimo hicho In Rainbows ilikuwa huru kuliko nusu ya albamu zinazotajwa katika orodha za namna hii.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Mkataba wa Radiohead na EMI uliisha baada ya Hail to the Thief ya mwaka 2003. Waliingia studio bila lebo, wakirekodi na mtayarishaji wao wa siku zote, Nigel Godrich, na tarehe 1 Oktoba 2007 mpiga gitaa wao Jonny Greenwood akaandika kwenye tovuti ya bendi kwamba albamu imekamilika na itatoka baada ya siku 10. Tarehe 10 ikatoka kweli, kwenye tovuti yao wenyewe, na sehemu ya bei ikiwa tupu: mnunuzi aandike anachotaka kulipa, hata sifuri, na aliyelipa aliongezewa pensi 45 za gharama ya kadi. Ambao walitaka kitu cha kushika mkononi waliuziwa kasha la pauni 40 lenye santuri na diski ya nyimbo za ziada. CD ya kawaida ilikuja tarehe 31 Desemba kupitia XL, ambayo nayo ni lebo huru ya London. Niambie ni wapi hapo ulipoona kampuni kubwa.

Kwetu sisi huku jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Albamu nzima ilikuwa na takriban megabaiti 48, na mwaka 2007 mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa bado miaka miwili kufika pwani yetu. Intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, na katika mgahawa wa intaneti unaolipia kwa dakika, megabaiti 48 zilikuwa safari. Hata hivyo, ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuipata albamu mpya siku ileile aliyoipata mtu wa London, pasipo kusubiri nakala ya nakala ya nakala. Sitaki kukuza mambo, ila kwa sababu hiyo peke yake siwezi kukubali iwekwe nje ya mlango.

Kuhusu Bon Iver, natumia kanuni ileile: mwaka wa albamu ni mwaka ambao mtu asiye ndugu wala rafiki wa mwanamuziki aliweza kuinunua. Justin Vernon aliirekodi katika kibanda cha baba yake cha uwindaji huko Wisconsin majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007, akatoa mwenyewe nakala za CD zipatazo 500 mwaka huo wa 2007, na Jagjaguwar wakaisambaza Februari 2008. Kwangu ni ya 2007.

---

FundiMitambo

Mimi riziki yangu ni kurekodi kwaya na bendi, kwa hiyo nazisikiliza albamu hizi kwa sikio la mtu anayejiuliza maikrofoni iliwekwa wapi. Naomba kubishana na mpangilio wa nafasi ya pili na ya tatu.

Neon Bible ilirekodiwa kwa sehemu kubwa katika kanisa ambalo bendi ililinunua huko Farnham, Quebec, na kinanda kikubwa cha mabomba unachokisikia kwenye “Intervention” ni cha kanisa la Saint-Jean-Baptiste la Montreal. Waliongeza okestra na kwaya walizozirekodi Budapest. Yote hayo ni mazuri kusimulia, lakini kanisa tupu humrudishia mwimbaji sauti yake mara nyingi kuliko anavyohitaji, na yeyote aliyewahi kurekodi kwaya chini ya dari refu la bati anajua kazi ya kuyafukuza marudio hayo baadaye. Katika nyimbo kadhaa, Win Butler anaimba akiwa nyuma ya ukungu, na magitaa yamekandamizwa pamoja na nyuzi za okestra mpaka huwezi kuyatenganisha. “No Cars Go” walikuwa wameirekodi kabla, kwenye EP (rekodi fupi) yao ya mwaka 2003, ikiwa nyembamba na mbovu kidogo. Linganisha mbili hizo: ile ya 2007 ni kubwa zaidi, ya 2003 inakimbia zaidi. Pale ambapo ukubwa unalipa ni “My Body Is a Cage”, ambapo kinanda kinapoingia kwa nguvu zake zote, hakuna anayekumbuka tena kuuliza maneno yalisemaje.

Spoon walifanya kinyume chake kabisa. Mpiga dramu wao, Jim Eno, ni fundi mitambo mwenye studio yake Austin, na hilo linasikika katika kila sekunde: dramu kavu, karibu, bila mwangwi, na kati ya ala na ala pameachwa nafasi ambayo fundi mwingine angeijaza kwa gitaa la pili. Katika “The Ghost of You Lingers” dramu hazimo. Kuna piano inayogongwa bila kupumzika na sauti ya Britt Daniel ikihama kutoka spika moja kwenda nyingine, wakati mwingine ikipishana na yenyewe. Mwanzoni mwa “Don’t You Evah” wameacha mazungumzo ya studio yasikike, jambo ambalo kwa bendi nyingi lingekuwa madoido, ila kwao linakujulisha ukubwa wa chumba kabla muziki haujaanza. “The Underdog”, yenye matarumbeta, ilitayarishwa na Jon Brion, na ndiyo pekee inayopumua kwa upana. Wameiweka katika nusu ya pili ya albamu ambapo sikio linahitaji hewa. Dakika 36, nyimbo 10, na sioni wa kutoa. Mimi ningeipandisha juu ya Neon Bible, na siku nyingine juu ya Boxer.

Kuhusu Boxer nakubaliana nawe juu ya dramu. Naongeza tu kwamba hesabu ile ya nne juu ya tatu isingepaswa kumtisha msikilizaji wa huku. Aliyekulia kwenye chakacha amezoea mwili mmoja kubeba hesabu mbili. Msikilizaji wa Ulaya huisifu “Fake Empire” kwa ugumu wake. Mimi niliposikia mwanzo wake nilidhani nimerudi harusini.

---

JaKisumo

Mleta mada ameuliza ni albamu gani ambayo bila hiyo orodha ni pungufu. Ni Hera Ma Nono ya Extra Golden, iliyotolewa mwaka huohuo na Thrill Jockey, lebo huru ya Chicago, nyumba ya Tortoise na The Sea and Cake.

Historia yake kwa ufupi: Ian Eagleson alikuja Kenya kufanya utafiti wa benga kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu, akafahamiana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Orchestra Extra Solar Africa. Alipokuja mwenzake wa Marekani, Alex Minoff, aliyekuwa akipiga naye katika bendi ya roki iitwayo Golden, wakaunganisha majina na watu, na mwaka 2004 wakarekodi Nairobi albamu ya kwanza, Ok-Oyot System. Otieno alifariki mwaka 2005, kabla albamu hiyo haijatoka mwaka 2006. Wengi wangeishia hapo. Waliobaki, akiwemo mpiga dramu Onyango Wuod Omari, walimchukua Opiyo Bilongo na kuendelea, na mwaka 2006 wakaalikwa kwenye tamasha la muziki wa dunia la Chicago. Viza zikawa ngumu, mpaka ofisi ya seneta wa Illinois ilipoingilia kati. Wakaitoa shukrani yao kwa desturi ya benga, ambako mfadhili husifiwa kwa jina ndani ya wimbo: wimbo unaitwa “Obama”. Seneta huyo wakati huo hakuwa rais wa mahali popote.

(Kwa kuwa mleta mada anaipenda “Fake Empire”, nakumbusha kwamba toleo lake lisilo na maneno lilitumika kwenye video ya kampeni ya Obama ya mwaka 2008. Kwa hiyo mtu mmoja aliimbiwa na bendi moja ya orodha hii na kusindikizwa na nyingine.)

Najua mtu atasema hiyo ni benga, si roki. Naomba asikilize kwanza. Katika benga tuliyolelewa nayo, ile ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, gitaa la solo halikai nyuma ya mwimbaji. Linamjibu, likipiga nyuzi mojamoja jinsi nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, inavyopigwa, huku besi ikirukaruka na dramu ya mguu ikigonga sawasawa bila kuchoka. Mwimbaji anapomaliza, wimbo ndio kwanza unaanza: magitaa yanaachiwa uwanja, kasi inapanda, na wachezaji wanaamka. Extra Golden wanaufuata mpango huo, ila gitaa la Minoff lina ukwaruzo wa amplifaya ya roki, na mahali ambapo mpiga solo wa Kisumu angeng’arisha mlio, yeye anauchafua kidogo. Magitaa mawili yanazungumza kwa lafudhi mbili na hakuna anayemngoja mwenzake. Ni mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Misiani, mzaliwa wa upande wa Shirati, Tanzania, afariki dunia, Mei 2006, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba benga itabaki kuwa ya kumbukumbu za redio.

Na ukitaka kuthibitisha kwamba masikio ya roki na ya benga yanaweza kukutana, sikiliza “Weird Fishes/Arpeggi” ndani ya hiyohiyo In Rainbows mnayoibishania: magitaa yanasukwa nyuzi kwa nyuzi, hakuna linalopiga kodi nzima (noti kadhaa kwa pamoja), na wimbo unapanda kwa kuongeza nyuzi, wala si kwa kuongeza kelele. Mtu wa Kisumu hahitaji kufundishwa kuusikiliza.

---

MtuWaGoma

Ja-Kisumo umenena. Nilikuwa naja kuwapigia debe Vampire Weekend kwa sababu ya magitaa yao yanayochungulia upande wetu wa soukous, na wana hata wimbo wenye kwassa kwassa ndani ya jina lake, lakini albamu yao ilitoka Januari 2008. Kwa kanuni ya Mzee Santuri hawamo. Nitausubiri uzi wa mwaka huo.

---

BintiKilindini

Shikamoo Mzee Santuri, na salamu kwa wengine wote. Nimesoma hadi hapa nikisubiri mtu ataje mwanamke anayeongoza albamu yake mwenyewe, na nimemwona Feist tu, tena ndani ya tangazo la biashara.

The Reminder si albamu ya kutajwa kwa njia hiyo. Feist aliirekodi katika jumba la zamani huko La Frette, nje ya Paris, pamoja na wanamuziki wake wakiwa nyumba moja, na ukisikiliza kwa makini nyumba hiyo imo ndani ya rekodi. “1234”, iliyotumika kwenye tangazo, ni mlango tu. Ndani kuna “The Park”, ambamo kuna yeye, gitaa lake na utulivu wa nje ya dirisha, na kuna “Sealion”, makofi na kiitikio mwanzo hadi mwisho. Huo wa pili ni urithi wa Nina Simone, na Feist anauimba bila kujaribu kumwiga, jambo ambalo waimbaji wengi wenye sauti kubwa kuliko yake wameshindwa.

St. Vincent naye alitoa albamu yake ya kwanza, Marry Me, Julai 2007. Annie Clark alikuwa amepiga gitaa nyuma ya watu wengine, The Polyphonic Spree na bendi ya ziara ya Sufjan Stevens, na alipopata nafasi yake akamwita Mike Garson, mpiga piano wa David Bowie, amsaidie. Si albamu kamilifu. Nyimbo zake za upole zina sukari kupita kiasi kwangu. Lakini katika “Your Lips Are Red” gitaa linakatakata kama mashine iliyokosa mafuta huku sauti ikibaki na adabu zote, na hapo ndipo unapomwona mwanamuziki atakayekuja kuwa. Mtu mwenye The Stage Names katika nafasi ya tano angeweza kuisogeza kidogo.

Nikiacha hilo, nashangaa pia kutoiona Sound of Silver ya LCD Soundsystem, ambayo wakosoaji wa Marekani katika kura ya mwaka ya gazeti la Village Voice waliipa nafasi ya kwanza. Tovuti ya uhakiki wa muziki ya Pitchfork yenyewe ilimpa Panda Bear na Person Pitch, albamu aliyoitengeneza Lisbon kwa vipande vya rekodi za watu wengine, ambayo naipenda ila sidhani hata mwenyewe angeiita roki. Sound of Silver ni jambo tofauti. “All My Friends” ina piano inayorudia mapigo yaleyale kwa zaidi ya dakika saba, mwanzoni mikono ikipishana kidogo hadi unadhani mpigaji amekosea, na badala ya wimbo kubadilika, wewe unayesikiliza ndiye unayebadilika: ulioanza nao ukiwa wa kucheza unaumaliza ukihesabu watu uliopoteana nao. Mzee Santuri ataniambia kwamba rekodi hiyo ilipitia mikono ya EMI na lebo yake ya Capitol. Namjibu mapema kwamba James Murphy, kiongozi wa LCD Soundsystem, alikuwa na lebo yake, DFA, na hakuna meneja wa kampuni kubwa ambaye angemruhusu kuacha piano hiyo jinsi ilivyo.

---

Santuri_Kuukuu

Marahaba, Binti. Piano hiyo nakuachia. EMI nawaacha walipo: iliyotolewa na Capitol ni ya Capitol, hata kama fundi alifanya kazi milango ikiwa imefungwa. Sound of Silver ni bora kuliko nyingi zilizotajwa hapa, na si ya orodha hii. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

---

MpendaGitaa (mleta mada)

Nawashukuru wote. Nitajibu kwa mpangilio niliosoma.

Kipimo cha Mzee Santuri nakichukua, kwa sababu kinajibu maswali ambayo kipimo cha ukubwa wa jina hakiwezi kuyajibu bila kujipinga. In Rainbows inaingia, na ikiingia haiwezi kukaa chini ya nafasi ya pili. “Reckoner” peke yake, pamoja na zile njuga na matoazi yanayomwagika tangu mwanzo na sauti ya Thom Yorke juu yake, ingetosha. Kwa Bon Iver sikubaliani naye. CD 500 zilizopita mkono kwa mkono ni kama rasimu iliyosomwa na majirani. Albamu iliyobadilisha namna watu wanavyorekodi nyumbani ni ile ya Februari 2008, na huko ndiko nitakakoiweka.

Fundi, umenisikilizisha Neon Bible kwa namna ambayo sasa siwezi kuacha kuisikia. Ukungu upo. Lakini mimi naona ukungu huo ni sehemu ya shabaha, kwa kuwa ni albamu ya watu wanaoogopa runinga, vita na mahubiri ya fedha, na hofu haina kawaida ya kusikika kavu na karibu. Hata hivyo nimezipanga upya, na Spoon wamepanda.

Dada BintiKilindini, The Reminder inachukua nafasi ya The Shins. Nilikuwa naipenda Wincing the Night Away zaidi kwa kumbukumbu kuliko kwa masikio. Nusu yake ya pili inasinzia. Marry Me nitaisikiliza tena nikianza na wimbo uliouonyesha. Kuhusu Sound of Silver, nikishika kipimo cha Mzee nashika na hasara zake.

Hera Ma Nono nimeitafuta baada ya kusoma maelezo ya Ja-Kisumo na nimeisikiliza. Nilichokisikia kwanza si gitaa, ni dramu za Onyango: mguu wake hauondoki kwenye pigo, na mikono inafanya inachotaka. Mimi niliyeanzisha uzi huu kwa kumsifu mpiga dramu wa Brooklyn siwezi kujifanya sikusikia. Kwa hiyo kwa sasa orodha ni Boxer, In Rainbows, Ga Ga Ga Ga Ga, Hera Ma Nono, Neon Bible, Hissing Fauna, The Reminder na The Stage Names. Zimekuwa nane, na sioni tatizo.

Ja-Kisumo, swali moja limebaki. Je, nianze na Ok-Oyot System ili nimsikie Otieno mwenyewe, au niende mbele kwenye ile ya 2009?

---

JaKisumo

Rudi nyuma kwanza. Ok-Oyot System ina mlio hafifu kuliko hii uliyoisikia, na Fundi huenda akalalamika, lakini sauti ya Otieno imo, na bila kuisikia hutaelewa Opiyo Bilongo alikuwa akijaza kiti cha nani. Isikilize kwa spika zenye besi, si kwa simu. Thank You Very Quickly ya 2009 ifuate baadaye. Waliirekodi wakiwa wametoka katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na magitaa yake yana haraka ambayo hizi mbili hazina.